Kadi mpya za grafiki zitatoka lini? Maelezo kwa wanaongoja



Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe wa aina moja. Mara ni mwalimu mwenzetu wa Dar, mara ni kijana anayesoma Nairobi, na swali ni lile lile: Daktari, wewe uko huko huko zinakotengenezwa, hebu tuambie kadi mpya za Nvidia zinatoka lini? Tununue sasa au tungoje? Watu wanadhani kwa kuwa nakaa huku basi nimepakana ukuta na kiwanda. Ni kweli kiwanda cha chipu tunacho hapa Huangpu, kinaitwa CanSemi, kilianza uzalishaji mwaka 2019, lakini hicho kinafanya chipu za kawaida, si hizi za kadi za grafiki. Chipu za kadi za Nvidia za miaka hii zinatoka Taiwan, kwa TSMC. Kinachofanyika upande wetu ni hatua za mwisho: bodi nyingi zinaunganishwa Dongguan na Shenzhen, miji ya jirani, halafu zinakuja kuuzwa Gangding, ule mtaa wa maduka ya kompyuta ambao kila mgeni wa Guangzhou hupelekwa siku ya kwanza.

Wapo watakaosema hili ni jambo la watoto wa magemu, linatuhusu nini sisi watu wa lugha. Linatuhusu sana. Siku hizi kadi hizi ndizo zinazofundisha kompyuta kusikia Kiswahili, kunakili kanda za mahojiano, kusoma miswada iliyopigwa picha. Mwenye kanda mia tatu za Kimakunduchi au Kipemba kabatini anaweza kuzinakili kwa mkono miaka mitano, au akapata kadi moja nzuri na kijana mmoja mwenye subira, akaimaliza kazi kwa muda mfupi zaidi. Sasa idara ikipata fungu, fungu lina siku ya kufa. Tanzania na Kenya mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na hela ambayo haikutumika mara nyingi hurudi ilikotoka. Anayengoja kadi mpya bila kujua anangoja nini anaweza kukosa mpya na ya zamani vile vile.

Nianze na neno lenyewe, kizazi, manake hapa ndipo wengi wanapopotea. Kizazi kipya ni usanifu mpya wa chipu. Nvidia huupa jina la mtu wa sayansi au hisabati: Pascal, Turing, Ampere, Ada Lovelace, Blackwell. Dukani sisi tunaona namba: mfululizo wa 10, 20, 30, 40, 50. Katikati hutolewa kadi zenye jina la "Super" au "Ti", na wenye maduka watakwambia ati ni mpya. Ni mpya kwa maana ya boksi. Zile za 40 Super za Januari 2024 zilikuwa usanifu ule ule wa Oktoba 2022, ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "mpya inatoka mwezi ujao", muulize kwanza: mpya kizazi au mpya jina?

Tukiangalia vizazi halisi, kwa kuhesabu siku kadi ya kwanza ilipoingia dukani, kalenda ni hii. GTX 980, Septemba 2014. GTX 1080, tarehe 27 Mei 2016. RTX 2080, tarehe 20 Septemba 2018. RTX 3080, tarehe 17 Septemba 2020. RTX 4090, tarehe 12 Oktoba 2022. RTX 5090, tarehe 30 Januari 2025. Chukua kalamu uhesabu: miezi 20, 28, 24, 25, 27. Wastani ni miaka miwili na kidogo. Zamani mambo yalikwenda mbio zaidi, GTX 480 ilitoka Machi 2010 na 580 ikaifuata Novemba mwaka ule ule, lakini zama hizo zimepita.

Mtu wa pwani hawezi kushangaa hesabu ya namna hii. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka Zanzibar na kaskazi, yakarudi na kusi, na hakuna nahodha aliyeandikiwa tarehe. Alijua msimu, kisha akatazama dalili: mawingu, mkondo, rangi ya maji. Hapa Huangpu ilikuwa hivyo hivyo. Hii ndiyo bandari ambayo Wazungu waliiita Whampoa, na katika karne ya 18 meli zao ziliingia na pepo za kusi, zikatia nanga, zikangoja pepo zigeuke ndipo zirudi na chai. Hekalu la mungu wa bahari ya kusini, lililojengwa mwaka 594, bado lipo hapa wilayani, na wasafiri walipita hapo kuomba upepo mwema. Miezi 25 ndiyo msimu wetu. Dalili ndizo zinazosema kama upepo utawahi au utachelewa, na dalili za kweli ni tatu tu: kiwanda, kumbukumbu, na mzigo uliobaki stoo.

Kiwanda nitakipitia haraka. Kila TSMC walipopata njia ya kuchora vijia vyembamba zaidi kwenye silikoni, Nvidia walipata nafasi ya kurundika transista nyingi zaidi bila kuongeza umeme sana. Mfululizo wa 10 ulikuwa wa nanometa 16, wa 20 nanometa 12, wa 30 wakaenda Samsung kwa nanometa 8, wa 40 wakarudi TSMC kwa njia inayoitwa 4N. Ule wa 50 je? Familia ile ile ya 4N. Ndiyo maana kuruka kwake hakukuwa kukubwa kama tulivyozoea, na nguvu ya ziada ililipiwa kwa umeme: 4090 inakula wati 450, 5090 wati 575. (Wenye kuishi na umeme wa kukatikakatika, hesabuni betri na jenereta kabla ya kuhesabu kadi.) Fundisho la dalili hii ni jepesi: kizazi kijacho kikitaka kuruka kweli kinahitaji njia mpya ya kiwandani, na njia mpya ya TSMC ina foleni. Wa mbele kwenye foleni ni wenye simu na wenye vituo vya data. Kadi ya mcheza gemu inakaa nyuma.

Kumbukumbu ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu haihitaji kuvizia wavujishaji wa siri. Aina mpya ya kumbukumbu ya kadi lazima kwanza iandikwe kama kanuni ya pamoja na chombo kinachoitwa JEDEC, na kanuni hiyo hutangazwa hadharani. GDDR7 ilitangazwa Machi 2024. Miezi kumi baadaye, Januari 2025, ikawa ndani ya 5090. Aliyesoma tangazo lile la Machi, lisilo na mbwembwe wala picha, alikuwa na habari nzuri kuliko wote waliokesha wakibishana juu ya picha zenye ukungu. Kwa jumla wavujishaji hawa nawaona wako sahihi mara nyingi juu ya maumbile ya kadi, lakini juu ya tarehe ni wabaya, na si kosa lao. Maumbile huamuliwa miaka kabla. Tarehe huamuliwa wiki chache kabla, na anayeiamua anatazama stoo.

Hapo kwenye stoo ndipo penye elimu kubwa. Mwaka 2018 sarafu za kidijiti zilianguka, na waliokuwa wakinunua kadi za kuchimbia wakaacha ghafla. Nvidia wakabaki na mzigo wa mfululizo wa 10. Juni mwaka ule, kwenye maonyesho ya Computex kule Taipei, waandishi walimuuliza Jensen Huang kadi mpya zinatoka lini, akajibu kwamba bado muda mrefu. Baada ya wiki kama kumi na moja, tarehe 20 Agosti, akapanda jukwaani Cologne akazindua mfululizo wa 20. Mimi simlaumu. Muuzaji anayesema "mpya inakuja" amejifungia duka lake mwenyewe, kama ilivyosemwa juu ya kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyotangaza kompyuta yake ijayo mapema mno, wateja wakaacha kununua iliyokuwepo, na mwaka 1983 ikafilisika. Kwa hiyo kauli ya mwenye mali ihesabuni kama kauli ya dalali: si lazima iwe uongo, ila haikusemwa kwa faida yako.

Mwaka 2022 ikawa hivyo tena kwa sura nyingine. Tarehe 15 Septemba mtandao wa Ethereum uliacha kabisa kutumia kadi za kuchimbia, na siku tano baadaye mfululizo wa 40 ukatangazwa. Mzigo wa 30 ulikuwa bado umejaa. Wakafanyaje? Walitoa kwanza kadi ya bei ya juu kabisa, 4090 kwa dola 1,599, isiyoshindana na ule mzigo wa zamani. 4070 ikaja Aprili 2023, 4060 Juni 2023. Shikeni sana jambo hili: "kizazi kimetoka" haina maana kwamba kadi ya mfuko wako imetoka. Kati ya kadi ya tajiri na kadi ya mwalimu huwa kuna miezi mitatu hadi minane. Hata mwaka 2025, 5090 ilikuwa Januari, 5060 ikawa Mei.

AMD nao walitupa mfano mzuri. RX 9070 XT ilitajwa Januari 2025 bila tarehe, na wenye maduka sehemu mbalimbali wakaanza kusema kadi ziko kwao tayari, zimekaa kwenye maboksi. Hazikuuzwa mpaka tarehe 6 Machi. Kadi ilikuwa tayari, kilichongojwa ni kuona mshindani ataweka bei gani.

Basi mimi nikitaka kujua upepo uko wapi naenda Gangding nakunywa chai na wenye maduka. Muuza duka hapewi tarehe na mtu, lakini anajua msambazaji ameacha kumletea mzigo. Dalili za pale ni mbili, na zinakwenda kinyume. Kadi za kati zinaanza kushuka bei na kuunganishwa na bidhaa nyingine, nunua kadi upewe bodi kwa nusu bei. Kadi ya juu kabisa inaweza kupanda, kwa sababu uzalishaji wake umesimamishwa na hakuna ya kuijaza nafasi. Mwisho wa 2024, 4090 ilipanda badala ya kushuka. Wale wenzetu waliokuwa wakingoja "ya zamani ishuke mpya ikitoka" walingoja basi kwenye kituo lisilopita. Na mpya yenyewe ilipotoka, tarehe 30 Januari 2025, hapa ilikuwa siku ya pili ya Mwaka Mpya wa Kichina. Jiji limelala, maduka yamefungwa, wauzaji wako vijijini kwa mama zao.

Kwa anayenunua kupitia China kuna kalenda nyingine tena, ambayo haiandikwi na kampuni. Inaandikwa Washington. Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu kubwa za vituo vya data kuja huku, Oktoba 2023 ikakaza kamba mpaka 4090 nayo ikanaswa. Nvidia wakatengeneza 4090 D ya soko la China, viini 14,592 badala ya 16,384, ikatangazwa mwisho wa Desemba 2023 kwa yuani 12,999. Kisha 5090 D Januari 2025 kwa yuani 16,499, na Agosti mwaka huo toleo jingine la 5090 D lenye kumbukumbu GB 24 badala ya 32. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo anapokuja Guangzhou akaona boksi limeandikwa 5090, asome herufi zinazofuata na aulize GB ngapi. Tofauti ya GB 8 kwa kazi zetu ni kubwa kuliko tofauti ya mwendo.

Nitoe na onyo, kwa kuwa tunaongea kindugu. Uhaba huu umezaa ufundi wa kila namna. Kuna mafundi wanaong'oa chipu ya 4090 na kuipandikiza kwenye bodi nyingine yenye GB 48. Baadhi zinafanya kazi vizuri, lakini dhamana ya kiwanda imekufa. Na ile kadi iliyong'olewa chipu haitupwi. Mizoga ya 4090 isiyo na chipu wala kumbukumbu imewahi kukutwa ikiuzwa kama "mbovu ya kutengeneza", na kuna waliouziwa kama nzima. Mtumba usionunue bila kuuona ukiwaka mbele yako nusu saa nzima, ukiwa umebebeshwa kazi.

Sasa hesabu ya miezi 25 ina nguvu gani leo? Imepungua nguvu, na sababu ni hela. Katika mwaka wa fedha wa Nvidia ulioishia Januari 2022, kadi za magemu ziliingiza dola bilioni 12.5 na vituo vya data bilioni 10.6. Mcheza gemu ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba. Mwaka ulioishia Januari 2025, magemu bilioni 11.4, vituo vya data bilioni 115. Kalenda ikahama pamoja na hela: Juni 2024 Huang alitangaza kwamba chipu za akili mnemba (au akili unde, wenzetu wa Kenya msinirukie) zitakuwa na kizazi kila mwaka. Kadi zetu hazikuahidiwa kitu.

Halafu kumbukumbu ikaadimika. Kuanzia nusu ya pili ya 2025 vituo vya data vilinunua kumbukumbu za kila aina kwa kasi ambayo viwanda havikuweza kuifuata. Bei ikapaa. Desemba 2025 Micron wakatangaza kufunga jina lao la Crucial, lile la kuuzia watu wa kawaida. Januari 2026 kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, mahali ambapo mwaka mmoja nyuma 5090 ilizinduliwa, Nvidia hawakuleta kadi yoyote mpya ya GeForce. Hata Super hakuna. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dalili nzito kuliko tetesi zote za mwaka: kampuni ikikosa kumbukumbu za kutosha kwa kadi iliyopo, haina haraka ya kuzindua nyingine inayohitaji kumbukumbu zaidi.

Mnanibana nitaje mwezi, haya. Msimu wa kawaida, ukihesabu kutoka Januari 2025, ungetupeleka kati ya Januari na Mei 2027. Mimi nausogeza mbele hadi nusu ya pili ya 2027, kwa sababu ya foleni ya kiwanda na njaa ya kumbukumbu, na kadi za bei ya wastani nazihesabia 2028. Kitakachonifanya nibadili ni dalili mbili: bei ya kumbukumbu kushuka miezi mitatu mfululizo, na wauzaji wa Gangding kuanza kuunganisha 5070 na bodi za nusu bei. Bado sijaziona.

Kwa hiyo wale wa idara yenye fungu la kufa 30 Juni, jibu langu ni kununua ndani ya fungu hilo, msingoje. Kazi ya kunakili sauti haijali kizazi, inajali kumbukumbu ya kadi. RTX 3090 ya mwaka 2020 ina GB 24, na kwa kazi hiyo itafika mbali kuliko kadi mpya yenye GB 12. Kwenye tangazo la zabuni msiandike jina la modeli, kwa sababu kati ya kutangaza na kupokea mzigo huweza kupita miezi sita, na modeli ikiisha sokoni mzabuni atapata mwanya wa kuleta chochote. Andikeni: kumbukumbu ya kadi isiyopungua GB 24, dhamana ya mwaka mmoja inayotambulika Afrika Mashariki, na kadi ijaribiwe mbele ya mpokeaji kabla ya malipo ya mwisho. Mwenye mfano wa zabuni iliyokwisha pita kwenye ofisi ya manunuzi ya chuo chake, tafadhali auweke hapa wengine waunakili.